Ligi ya Taifa Ipande Treni Hadi Tabora

Dar City imeingia kwenye kumbukumbu za michezo nchini kama timu ya kwanza ya Tanzania kufuzu Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, BAL, kwa msimu wa 2026. Ligi hiyo ilipozaliwa Kigali, Mei 2021, Rwanda ilikuwa na Patriots yake uwanjani. Uganda ikaingia na City Oilers mwaka 2023, ikarudi tena 2024. Kenya ikapata zamu yake mwaka 2025 kupitia Nairobi City Thunder. Miaka yote hiyo sisi tulikaa jukwaani tukiwatazama majirani wakipita. Shangwe za Dar es Salaam zilikuwa za haki kabisa.

Nami nilishangilia, na kwa sababu hiyo nataka tuulizane jambo kabla furaha haijapoa. Wachezaji watakaoibeba timu ya Tanzania kwenye BAL miaka kumi ijayo wako wapi leo? Baadhi wako Upanga na Kijitonyama, Dar es Salaam, hilo halina shaka. Lakini wengi wako bara: Tabora, Nzega, Urambo, Kaliua, Kigoma. Wana urefu, wana mbio, wana hamu. Wasichonacho ni msimu mzima wa mechi za kweli, na bila huo kipaji chao hakitafika popote.

Tuutazame msimu wa BAL wa 2025, maana una somo kubwa kwetu. Timu 12 ziligawanywa makundi matatu yaliyochezwa Rabat, Dakar na Kigali, kisha hatua ya mtoano ikapelekwa Pretoria mwezi Juni. Bingwa alikuwa Al Ahli Tripoli ya Libya, iliyoichapa Petro de Luanda ya Angola 88-67 kwenye fainali. Mchezaji bora wa msimu alikuwa Jean Jacques Boissy, Msenegali mfupi kwa vipimo vya mchezo huu, mwenye miguu mepesi na mikono isiyochoka kunyang'anya mipira. Miaka miwili kabla yake, Boissy alikuwa AS Douanes ya Dakar walipopoteza fainali mbele ya Al Ahly ya Misri. Alirudi, akacheza tena, akapoteza tena, akajifunza, mpaka kombe likakaa mikononi mwake. Huyo ni mchezaji aliyepikwa na misimu.

APR ya Rwanda ilimaliza nafasi ya tatu kwa kuifunga Al Ittihad ya Alexandria, na hapo Afrika Mashariki ilipata sababu ya kujivunia. Nairobi City Thunder haikuvuka kundi lake, lakini ilionyesha kwamba Mkenya kama Tyler Ongwae anaweza kusimama mbele ya mabingwa wa bara bila kutetereka. Ongwae huyo huyo, Februari 2021 jijini Yaoundé, alitupa mpira wa mwisho uliowapa Kenya ushindi wa 74-73 dhidi ya Angola na kuirudisha nchi yake AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28.

Pamoja na hayo, katika misimu mitano ya kwanza ya BAL kombe halikuja upande wetu. Lilikwenda Zamalek ya Misri, US Monastir ya Tunisia, Al Ahly ya Misri, Petro de Luanda, kisha Al Ahli Tripoli. Hizi si klabu zilizookota wachezaji wiki mbili kabla ya mashindano. Nyuma ya Petro kuna ligi ya Angola, na nyuma ya ligi hiyo kuna nchi iliyotwaa AfroBasket mara 12, mara ya mwisho mwaka 2025 ikiwa nyumbani Luanda. Kijana wa Angola anafika kwenye timu kubwa akiwa ameshapoteza na kushinda mechi nyingi kiasi kwamba dakika mbili za mwisho hazimtetemeshi. Hali hiyo haipatikani kwa hotuba wala kwa kambi ya wiki mbili.

Sisi tuna mfano wetu wenyewe wa gharama ya kukosa mechi, na unatuuma bado. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, aliushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Urefu wake wa mita 2.21 ulimfungulia milango ya Marekani, na bidii yake ikamfikisha Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko hakuwa mrefu wa kusimama tu chini ya goli. Mwaka 2008 na 2009 alitangazwa mlinzi bora wa ukanda wake wa vyuo, uliokuwa miongoni mwa mikali kuliko yote nchini humo, na msimu wa 2008/09 timu yake ilicheza mechi 36, ikashinda 31, ikafika nusu fainali ya taifa. Juni 2009, siku ambayo timu za NBA huchagua chipukizi, Blake Griffin aliitwa wa kwanza na Thabeet akaitwa wa pili, na Memphis Grizzlies. James Harden aliitwa wa tatu. Stephen Curry aliitwa wa saba.

Mashabiki wa Marekani wamelirudia jambo hilo kwa ukatili kwa miaka mingi, kwamba huyu alitangulia mbele ya wale, kisha akapita Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City bila kung'ara. Nasema waziwazi kwamba hawamtendei haki. Curry alilelewa na baba aliyecheza NBA, akaushika mpira tangu utotoni. Thabeet aliingia ligi ngumu kuliko zote duniani akiwa na miaka kama saba tu ya mchezo huo maishani mwake. Mwili ulikuwa tayari, lakini mazoea ya uwanjani hayakuwa yamekomaa: lini utoke kumkabili mwenye mpira, lini ubaki chini ya goli, mikono iwe wapi mpira unapogonga pete na kurudi. Mambo hayo huingia mwilini kwa kucheza mamia ya mechi kabla ya ndevu kuota. Mechi hizo Tanzania haikumpa, kwa sababu haikuwa nazo za kumpa. Tangu siku ile ya 2009, hakuna Mtanzania mwingine aliyecheza NBA.

Mlinganishe na Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006, akakulia Kawempe, Kampala, akiwa mtoto wa familia iliyokimbia vita. Naye alianza kucheza akiwa ameshabalehe. Lakini alipoonekana tu, alipelekwa kwenye akademia ya NBA iliyoko Saly, Senegal, na kutoka hapo akachezeshwa kila msimu: BAL mwaka 2022, tena 2023, tena 2024 akiwa na City Oilers ya Uganda. Akiwa na miaka 17 alikuwa Olimpiki ya Paris na timu ya Sudan Kusini. Msimu uliofuata akacheza Chuo Kikuu cha Duke, na Juni 2025 akaitwa wa kumi kwenye NBA. Yeye na Thabeet wote walichelewa kuanza. Tofauti yao ni kwamba mmoja alipata mechi nyingi akiwa bado kinda, mwingine akaja kuzipata ukubwani.

Sasa nirudi Tabora, kwa kuwa jina la mji huu halikuja hapa kwa bahati. Karne ya 19, Tabora ilikuwa moyo wa njia za misafara. Kutoka Bagamoyo watu walifika hapa, na hapa ndipo njia zilipogawanyika: moja ikaelekea magharibi hadi Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema; nyingine ikapanda kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Tabora Novemba, wakakaa kujipanga upya, wakaliona ziwa Februari 1858. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia watu waliotiwa minyororo. Damu na machozi hayo hatuwezi kuyafuta kwa kujivunia biashara. Lakini walioifanya njia ipitike walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotoka makwao kiangazi baada ya mavuno, wakakubaliana ujira, wakabeba mzigo wa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, nyuma ya kirangozi wao, kiongozi wa msafara. Walikuwa watu wa kazi, wenye msimu wao, sifa zao na hesabu zao.

Kilichoiwezesha njia ile ndefu ni vituo vya katikati. Bila Tabora kuwa na chakula, maji, makao na watu wa kupokezana mizigo, hakuna msafara ambao ungetoka Bagamoyo ukafika ziwani. Mpira wa kikapu wa Tanzania unataka kwenda mbali kwa kutegemea mji mmoja wa pwani, na katikati hakuna mahali pa kupokezana.

Ajabu ni kwamba njia zile zile zinaendelea kutoa wachezaji, ila kwenye ncha zake. Upande wa Kongo, Goma, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na mtaani, umemtoa Jonathan Kuminga. Alizaliwa huko mwaka 2002, akaitwa wa saba NBA mwaka 2021, na mwaka uliofuata akawa bingwa na Golden State Warriors. Upande wa Buganda, Kampala imemlea Maluach. Nairobi ndiko alikozaliwa Nuni Omot, mtoto wa wakimbizi, aliyekuwa mchezaji bora wa BAL mwaka 2023 akiwa na Al Ahly, na ambaye mwaka 2025 alikuwa na APR walipopata nafasi ya tatu. Dar es Salaam imemtoa Thabeet. Kaskazini, magharibi na mashariki ya Tabora kuna majina makubwa, na penye njia panda hakuna hata moja. Sikubali kwamba Mungu aligawa urefu na wepesi huko kote akairuka Unyamwezi.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Tabora ni mji usiojua michezo. Ni mji wa shule, tangu enzi za Tabora Boys, ambayo ilimsomesha Julius Nyerere, pamoja na Tabora Girls, Milambo na Kazima. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yameletwa hapa miaka ya karibuni, ikiwamo 2022 na 2023, na mpira wa kikapu ni sehemu ya UMISSETA. Watoto wa mikoa yote wamekuja kucheza kwenye vumbi na zege la Tabora, wakaonekana, wakapigiwa makofi. Kisha mashindano yakaisha, magari yakaondoka, na yule binti aliyedaka kila mpira uliogonga ubao akarudi darasani kusubiri mwaka mwingine. Mwaka mwingine ukifika, huenda yuko kidato cha nne na mitihani imemkaba. Kipaji chake kimeonekana mara moja, hakijalelewa hata siku moja.

Kwenye soka tumeshaona matokeo yake mkoa ukipewa msimu. Tabora United, ambayo baadaye ilibadilishwa jina na kuwa TRA United, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023. Novemba 7, 2024 ilikwenda Dar es Salaam ikaifunga Yanga, bingwa mtetezi, mabao 3-1. Yapo mengi ya kusema kuhusu siku ile, lakini moja ni hili: timu ya Tabora ilikuwa imecheza nyumbani na ugenini kwa mwaka na zaidi, dhidi ya wakubwa na wadogo, kwenye mvua na jua. Haikuingia uwanjani kama mgeni aliyealikwa. Iliingia kama timu ya ligi.

Kikapu chetu hakina utaratibu huo. Dar es Salaam ina ligi yake yenye joto, na majina ya Savio, Vijana, JKT, Pazi, UDSM Outsiders na Dar City yana mashabiki wanaojua kila mchezaji. Lakini ligi ya taifa imezoeleka kuchezwa kwa mtindo wa kituo: timu zinakusanyika mji mmoja, zinacheza mfululizo kwa siku chache, bingwa anapatikana, watu wanatawanyika. Timu ya mkoa ikichanga fedha ikaenda, itacheza mechi kadhaa kwa miguu iliyochoka, kisha kimya. Watu wa nyumbani hawaioni hata mara moja. Mtoto wa Isevya au Ng'ambo, mjini Tabora, hawezi kutamani kuwa mchezaji ambaye hajawahi kumwona akicheza.

Wapo watakaosema tujenge kwanza juu, chini kutajengeka kwenyewe. Wataitaja Rwanda, iliyosimamisha ukumbi wa watu 10,000 Kigali mwaka 2019, kisha BAL ikaja na klabu zikakua. Naiheshimu kazi ile, ila tuitazame vizuri APR iliyopata nafasi ya tatu mwaka 2025. Ilibebwa mabegani mwa Omot, Obadiah Noel, Chasson Randle na Aliou Diarra wa Mali. Wageni hao walifanya kazi nzuri, na kanuni za ligi zinawaruhusu. Lakini mgeni huja na mkataba wake na huondoka nao, na kinachobaki ni wenyeji. Dar City nayo italazimika kusajili wageni ili isimame mbele ya Waarabu na Waangola. Swali ni nani atakayebaki wageni wakiondoka.

Wengine wataitaja Sudan Kusini, nchi isiyokuwa hata na ukumbi wa ndani wa kikapu, iliyoifunga China na Angola kwenye Kombe la Dunia la 2023 na kufuzu Olimpiki, kisha Julai 2024 jijini London ikapoteza kwa Marekani kwa pointi moja tu, 101-100. Ni kweli, na inasisimua kila ukiikumbuka. Lakini Luol Deng, nyota wa zamani wa NBA, aliijenga timu ile kwa wana wa nchi waliokulia Australia, Marekani, Kenya na Uganda, ambako walikuwa wamecheza misimu mingi. Vita viliwatawanya, na mataifa mengine yakawapa viwanja na ligi. Sisi hatuna jeshi la wachezaji walioko ughaibuni. Wetu wako hapa hapa, kwa hiyo ligi ya kuwakuza ni lazima iwe hapa hapa.

Hoja ya fedha ndiyo nzito, nami siipuuzi. Ila kikapu ni mchezo unaoweza kubebwa na nchi ya kipato chetu. Uwanja wake ni mita 28 kwa 15, zege iliyosawazishwa vizuri, magoli mawili yenye pete iliyoinuliwa mita 3.05, na taa ili watu wacheze jioni jua likipoa. Timu ni watu 12 na walimu wao. Na kuhusu safari, tazameni ramani ya reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na tawi la Mwanza linaanzia Tabora. Treni ya SGR inafanya kazi tayari kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na ujenzi unaendelea kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma. Nchi yetu imejaliwa njia moja inayounganisha Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, Kigoma na Mwanza, bila mtu kuhitaji ndege.

Pendekezo langu, basi, ni Ligi ya Taifa ichezwe nyumbani na ugenini kwenye miji hiyo sita, kwa kuanzia. Timu sita zikikutana mara mbili zinatoa mechi 30, kila timu ikicheza kumi, tano zikiwa mbele ya watu wake. Ratiba ikipangwa kwa akili, timu ya Dar es Salaam itakayosafiri bara itacheza Ijumaa Dodoma na Jumapili Tabora, irudi kazini Jumanne. Ile ya Kigoma itafanya hivyo hivyo ikishuka. Kumi si nyingi ukizilinganisha na 36 za chuo kile cha Thabeet, lakini ukijumlisha na ligi ya mkoa na mechi za shule, kijana wa Tabora atafika miaka 18 akiwa amecheza mechi za kutosha kumwambia kocha yeyote yeye ni nani.

Chini ya ligi hiyo uwekwe msimu wa shule. UMISSETA ibaki kuwa kilele, ila itanguliwe na mechi za kila Jumamosi kati ya shule za mji mmoja. Tabora ina shule za kutosha zilizo karibu karibu kiasi kwamba wachezaji wataenda kwa miguu. Chuo cha Ualimu Tabora kipo pale pale: mwalimu mwanafunzi akifundishwa sheria za mchezo na namna ya kuendesha mazoezi, kila mwaka mkoa utapata walimu wa kikapu wasioagizwa kutoka popote. Waamuzi wafundishwe vivyo hivyo, kwa kuwa mechi bila mwamuzi mzuri humfundisha mtoto mazoea mabaya.

Na wasichana wasiachwe waje baadaye. Fox Divas, timu ya wanawake iliyotoka Mara, imeshathibitisha kwamba timu kutoka nje ya Dar es Salaam inaweza kuwa jina linaloogopwa kwenye ligi ya wanawake. Kila wikiendi ambayo timu ya wanaume ya Tabora inapanda treni, timu ya wanawake ipande treni hiyo hiyo, icheze uwanja huo huo, siku hiyo hiyo. Gharama ya ziada ni ndogo, na faida yake ni nusu nzima ya vipaji vya nchi.

Shirikisho la mpira wa kikapu, TBF, lina nguvu ya kuamua mfumo wa ligi. Serikali ya mkoa na halmashauri zina ardhi na uwezo wa kujenga viwanja vitatu vizuri mjini Tabora. Shirika la Reli lina mabehewa, na kampuni zinazoweka majina yao kwenye fulana za timu za soka zina fedha za kutosha kuweka moja kwenye ligi hii. Dar City yenyewe ina sababu ya kuwa mstari wa mbele kudai jambo hili, kwa sababu itakuwa ya kwanza kunufaika: klabu inayotaka kukaa BAL miaka kumi inahitaji wapinzani wenye nguvu nyumbani na wachezaji wapya kila mwaka. Tuwashangilie waliofika Afrika, kisha mwaka ujao tuwapeleke wakacheze Tabora, dhidi ya timu ya Tabora, kwa pointi zinazohesabika.